Mkuu Akibadilisha Kazi Katikati ya Siku: Namna ya Kulijibu Swali Hilo Kwenye Mahojiano

Maneno ya mazungumzo kwa vijana wanaotafuta kazi na wazazi wao, Kosele, Kaunti ya Homa Bay



Kuna swali moja ambalo mwombaji kazi hulichukulia kuwa jepesi, kisha hutoka chumbani bila kujua kwamba ndilo lililomwangusha. Halihusu cheti wala alama za mtihani. Mwenyekiti wa jopo huuliza hivi: "Umepewa kazi ya kumaliza leo. Saa sita mchana mkuu wako anakuja na nyingine, anasema hii ndiyo ya haraka. Utafanya nini?" Mara nyingi swali hilo huja kwa Kiingereza, na pengine huvaa nguo tofauti: "Tueleze siku ambayo mipango yako ilibadilika ghafla," au "Kazi tatu zikikujia kwa pamoja, unaanza na ipi?" Nguo ni tofauti, swali ni lile lile.

Mwombaji hutabasamu na kujibu: "Hilo si tatizo. Mimi ni mtu wa kubadilika haraka. Naweza kufanya kazi hata chini ya shinikizo." Jopo linaitikia kwa kichwa, naye anatoka akiwa na furaha. Lakini kwenye karatasi ya alama hakuna kilichoandikwa, kwa sababu hakuna alichosema. Aliyeingia kabla yake alisema hivyo hivyo, na atakayeingia baada yake atasema hivyo hivyo. Huko nyumbani kuku wameuzwa ili nauli ya kwenda Homa Bay mjini ipatikane, na shati limeazimwa kwa binamu. Si haki safari ya namna hiyo iishie kwenye sentensi ambayo kila mtu anaijua kwa moyo.

Mazungumzo haya yanahusu swali hilo moja: kwa nini linaulizwa, mwombaji anatakiwa aonyeshe nini, na ni wapi kubadilika kunapaswa kukoma.

Kwa nini jopo huuliza

Kazi ya umma hubadilika, na wakazi wa kaunti hii wameona kwa macho yao. Mwaka 2013 kaunti 47 zilipoanza kazi, huduma za afya, kilimo na elimu ya chekechea ziliwekwa mikononi mwa kaunti kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza. Muuguzi aliyekuwa akipokea maagizo kutoka wizara iliyo Nairobi alijikuta akipokea maagizo kutoka makao makuu ya kaunti. Zahanati ilikuwa ile ile na wagonjwa walikuwa wale wale, lakini njia ya kupitisha ripoti, kuomba dawa na kuomba likizo ilibadilika.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia katika mashamba ya mahindi nchini. Afisa wa kilimo aliyekuwa amepanga msimu wake kufundisha habari za mbegu na mbolea alilazimika kwanza kuwaonyesha wakulima jinsi ya kukagua majani na kumtambua mdudu huyo mapema. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, na ndani ya siku chache shule zilifungwa. Walioajiriwa kufanya kazi moja walijikuta wakifanya nyingine: kupima joto la watu mlangoni, kusambaza maji ya kunawa mikono sokoni, kufuatilia waliokutana na mgonjwa.

Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka na SHA ikaingia. Aliyekuwa mwanachama wa zamani alitakiwa kujiandikisha upya. Karani wa dawati la hospitali aliyezoea mfumo mmoja kwa miaka mingi aliamka siku hiyo akiwa na mfumo mwingine, na foleni mbele yake haikungoja ajifunze kwanza. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 kote nchini walikabidhiwa vifaa vya kazi kuanzia Septemba 2023, walijikuta pia wakiwasaidia watu kujiandikisha, juu ya kazi yao ya kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo jopo linapouliza swali hili, halichezi. Watu walioketi pale wamekwisha kupitia siku za namna hiyo. Wamemwona mfanyakazi aliyekunja uso na kusema, "Hiyo haimo katika barua yangu ya kazi." Wamemwona pia yule aliyesema "sawa" kwa kila mtu, akaanza kazi tano na asimalize hata moja. Mshika mbili moja humponyoka. Wanatafuta mtu wa tatu, asiye kama hao wawili.

Mambo manne ambayo jibu zuri huonyesha

Mtu huyo wa tatu hapatikani vitabuni tu. Yuko katika kila boma. Chukua mfano wa mtoto aliyetumwa kisimani. Njugu zimeanikwa uani, na wingu zito limetanda upande wa Kodera. Mama anaita: "Wacha maji, anua njugu!" Mtoto mwenye akili hafanyi jambo moja, hufanya manne.

La kwanza, huuliza. "Mama, na maji ya dawa ya nyanya je?" Hakatai kazi mpya. Anataka kujua kama ile ya kwanza inaweza kungoja. Kazini pia, mfanyakazi mzuri akipewa kazi mpya huuliza maswali mawili mafupi: inatakiwa saa ngapi, na ile niliyokuwa nikiifanya isogezwe hadi lini?

La pili, hupima. Njugu zikilowa zitaota kuvu, na fedha za karo zitakuwa zimepotea. Maji yakichelewa nusu saa, hakuna atakayeumia. Kupima si kuangalia nani amepaza sauti zaidi. Ni kuangalia nani ataumia kazi ikichelewa, na kama madhara hayo yanaweza kurekebishwa kesho.

La tatu, huarifu. Mtoto humwambia nyanya kwamba maji yanakuja baada ya mvua. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanabadilika vizuri kabisa, lakini hawamwambii yule aliyekuwa akingojea kazi ya kwanza. Mkulima ameambiwa afisa anakuja Jumatano, amewakusanya majirani kumi chini ya mti, afisa amepelekwa kwingine, na hakuna simu iliyopigwa. Kwa afisa, hayo ni mabadiliko ya ratiba. Kwa mkulima ni siku nzima ya kazi iliyopotea, na safari ijayo majirani hao hawatakuja.

La nne, hurudi. Mvua ikipita, ndoo inachukuliwa tena. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi ya haraka ni msala upitao. Kazi ya kila siku ndiyo mbacha ambao ofisi hukalia. Jibu ambalo haliishii kwa kurudi kwenye kazi iliyoachwa ni nusu ya jibu.

Kuuliza, kupima, kuarifu, kurudi. Mwombaji akiyakumbuka hayo manne, hatakosa la kusema hata swali likija kwa sura asiyoitarajia.

"Sijawahi kuajiriwa, nitatoa wapi mfano?"

Hili ndilo lalamiko la kijana aliyemaliza chuo juzi, au aliyekaa nyumbani miaka mitatu. Anadhani mfano unaokubalika ni wa ofisi tu. Sivyo. Jopo likisema "tueleze siku ambayo mipango yako ilibadilika," halikusema siku hiyo iwe ya ofisini.

Msichana aliyemsaidia mama yake kuuza viazi vitamu vya Kabondo anajua siku ambayo lori la mnunuzi lilifika mapema kuliko ilivyopangwa, viazi vikiwa bado havijachimbwa vyote. Kijana wa bodaboda anajua siku aliyokuwa na abiria wa kwenda sokoni Oyugis, jirani akaja mbio akiwa amembeba mtoto mwenye homa kali. Mweka hazina wa chama cha vijana anajua siku ambayo fedha za mradi wa kuku zilihitajika kwa jambo jingine, na wanachama wakagawanyika. Aliyekuwa kiranja wa shule anakumbuka jinsi ratiba ya mitihani ilivyovurugika. Mwalimu wa muda aliyelipwa na wazazi anakumbuka asubuhi aliyokabidhiwa madarasa mawili kwa pamoja.

Hizo zote ni kazi. Kilichobaki ni kuzieleza kwa mpangilio: hali ilikuwaje, nini kilibadilika, mwombaji mwenyewe alifanya nini, na mwisho wake ulikuwa nini. Aseme alichofanya yeye. Akisema "tulijipanga, tukasaidiana, tukafaulu" toka mwanzo hadi mwisho, jopo halitajua mchango wake ulikuwa upi. Adabu ya kutojisifu ni nzuri barazani, lakini katika chumba cha mahojiano mtu hutakiwa kusema wazi, bila majivuno na bila kujificha.

Na mfano uwe wa kweli. Aliyetunga hadithi hujulikana kwa swali la pili. "Lori lilikuwa la kubeba magunia mangapi? Mnunuzi alisema nini ulipomwambia angoje?" Aliyekuwepo hujibu bila kufikiri. Ambaye hakuwepo huanza kutazama dari.

Karani mmoja, majibu mawili

Chukua nafasi ya karani katika kituo cha afya, na swali lile la kazi kubadilika ghafla. Jibu la kwanza ni hili:

"Mimi hubadilika kwa urahisi. Bosi akiniambia niache hiki nifanye kile, mimi naacha mara moja. Napenda changamoto na najifunza haraka."

Hakuna uongo hapo. Lakini pia hakuna kitu cha kushika. Isitoshe, "naacha mara moja" huweza kumtia mwenyekiti wasiwasi: huyu ataacha nini, na nani atajua?

Jibu la pili ni hili:

"Nilikuwa nikijitolea katika kituo cha afya, upande wa kumbukumbu. Wiki hiyo nilipewa kupanga mafaili ya zamani, niyamalize Ijumaa. Jumanne, tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilianza. Foleni ilifika nje ya mlango na wengi hawakuwa wamejiandikisha. Msimamizi aliniambia niache mafaili nikawasaidie watu kujiandikisha. Nilimuuliza kuhusu mafaili ya kliniki ya akina mama wajawazito ya kesho yake. Akakubali niyatoe hayo kwanza. Yalinichukua kama nusu saa. Niliandika kwenye daftari mahali nilipoishia, nikamwambia muuguzi wa kliniki. Kisha nilikaa kwenye foleni siku tatu, nikiwasaidia hasa wazee ambao hawakuweza kutumia simu. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye mafaili. Yalichelewa siku tatu, lakini msimamizi alijua tangu Jumanne kwamba yatachelewa."

Jibu hilo halichukui hata dakika mbili, na yale manne yote yamo. Aliuliza, akapima, akaarifu, akarudi. Tena hakuficha kwamba kazi ya kwanza ilichelewa. Jopo halimtafuti mtu ambaye hakuna kinachomchelewesha, kwa kuwa mtu huyo hayupo. Linamtafuta ambaye kazi ikichelewa, wanaohusika watajua mapema.

Onyo moja: jibu hilo lisikaririwe. Vijana kumi wa Kosele wakiingia chumba kimoja na hadithi ile ile ya foleni ya SHA, wa kumi na moja atachekwa hata kama yake ni ya kweli. Mwombaji achukue mpangilio, ajaze maisha yake mwenyewe.

Mpango mpya ukiwa na kasoro

Sasa tufike mahali pagumu zaidi. Kubadilika ni sifa njema, lakini si kila agizo jipya ni kipaumbele kipya. Jopo lenye ujuzi hulijaribu jambo hili, hasa kwa dereva, karani wa fedha na mtunza stoo.

Mfano ni huu: "Wewe ni dereva wa ambulensi. Unatakiwa kumtoa mama mwenye uchungu wa uzazi kwenye zahanati umpeleke hospitali. Kabla hujawasha gari, mkubwa mmoja anapiga simu: pitia kwanza nyumbani, upeleke viti matangani. Utafanya nini?"

Mwombaji mwoga hujibu, "Nitatii, yeye ni mkubwa wangu." Mwombaji mkali hujibu, "Nitakataa na kumripoti." Wa kwanza amemweka mama hatarini. Wa pili yuko upande wa haki, lakini hajaonyesha jinsi atakavyofanya kazi na watu kesho yake.

Jibu la mtu mzima lina heshima na lina mpaka: "Nitamwambia, 'Mkubwa, nina mama mwenye uchungu ndani ya gari, na hospitali inamngoja. Siwezi kupitia huko. Nikimfikisha nitakupigia, na kuhusu viti, utaratibu wa magari uko kwa msimamizi wangu.' Kisha nitaondoka na mama. Nikifika, nitaandika safari hiyo kama ilivyokuwa, na nitamweleza msimamizi wangu kuhusu ile simu."

Hapo yale manne yako palepale. Kilichobadilika ni uzito. Maisha ya mtu hayapimwi na viti, hata kama matanga ni jambo zito kwa kila familia ya hapa. Na dereva hasimami peke yake. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka watumishi wa umma wawe na viwango vya juu vya maadili, watumie rasilimali ipasavyo, na wawahudumie watu upesi na bila upendeleo. Sura ya Sita inasema mamlaka aliyopewa afisa wa nchi ni dhamana ya umma. Mwombaji si lazima ataje vifungu kama wakili. Inatosha ajue kwamba gari lile si la mkubwa, bali la mama aliye ndani yake na la wakazi wote waliolilipia.

Kwa karani wa fedha, swali laweza kuwa hivi: "Umeambiwa uache kukagua stakabadhi, uidhinishe malipo haya leo, karatasi zitakuja baadaye." Jibu ni lile lile kwa umbo jingine. Aulize haraka hiyo inatoka wapi. Aseme ni karatasi ipi inayokosekana. Ajitolee kubaki hadi jioni ili ikipatikana malipo yatoke siku hiyo hiyo. Na kama bado anasukumwa, aombe agizo kwa maandishi. Kuharakisha kazi ni kubadilika. Kuruka hatua inayolinda fedha za umma si kubadilika.

Siku ya kushindwa

Jopo huweza pia kugeuza swali: "Tueleze siku ambayo mambo yalibadilika, nawe ukashindwa." Hapa wengi hukana. "Sijawahi kushindwa." Au huleta kosa la uongo: "Tatizo langu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi."

Aliyewahi kufanya kazi yoyote ameshindwa siku moja. Msichana wa viazi anaweza kusema: "Lori lilipofika mapema, nilikimbilia shambani kuchimba vilivyobaki, nikasahau kumwambia mnunuzi wa pili kwamba vyake vimepungua. Alisafiri bure na akakasirika. Tangu siku hiyo, mpango ukibadilika, jambo la kwanza ninalofanya ni kupiga simu, kabla hata ya kushika jembe." Hapo amekiri kosa, ameonyesha aliyeumia, na ameonyesha kilichobadilika ndani yake. Kosa lililomfundisha mtu linamjengea imani kuliko sifa kumi.

Kitu kimoja asifanye: asimtupie lawama mwajiri wake wa zamani. Hata kama kweli alionewa, jopo litajiuliza atasema nini juu yao siku atakapoondoka. Aeleze hali ilivyokuwa, aeleze alichofanya, asonge mbele.

Lugha na maandalizi

Mwombaji wengi wao hupoteza majibu mazuri kwa sababu ya lugha. Wanatunga jibu moja kwa moja kwa Kiingereza, na kwa kuwa maneno ni machache, hadithi inakauka. Njia iliyo rahisi ni kumsimulia mtu kwanza kwa Dholuo au kwa Kiswahili, jinsi lilivyotokea: nani alisema nini, saa ngapi, mvua ilinyesha au la. Hadithi ikishakaa sawa, ipelekwe kwa lugha ya mahojiano kwa sentensi fupi. Sentensi fupi sahihi ni bora kuliko ndefu yenye kujikwaa. Na asiposikia swali, aombe lirudiwe: "Samahani Bwana Mwenyekiti, naomba unirudilie swali." Hilo halipunguzi alama. Kulijibu swali ambalo halikuulizwa ndiko kunakopunguza.

Wazazi wana kazi hapa. Mzee aliyewahi kuwa mwalimu, karani au chifu aketi na kijana jioni moja, amuulize maswali haya matatu: siku mipango ilipobadilika, siku kazi zilipokuja pamoja, na siku aliposhindwa. Mama ambaye hajui Kiingereza anaweza kusikiliza na kumwambia mwanawe, "Hapo umesema uongo, siku hiyo hukuwepo." Hakuna jopo linalomjua kijana kama mama yake.

Mwisho wa mahojiano, jopo likiuliza kama ana swali, asiseme "hapana." Aulize jambo moja la kazi yenyewe: "Kazi hii ikibadilika katikati ya mwaka, mfanyakazi hupewa maagizo na nani?" Swali hilo huonyesha kwamba tayari anajiona akiifanya.

Haki ya mwombaji

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kutangaza nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa walio katika hali ya kuachwa nyuma. Sheria hiyo inataka pia angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Katiba inataka ushindani wa haki na nafasi sawa kwa wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwombaji anayehitaji mkalimani wa lugha ya ishara, au chumba kinachofikika kwa kiti cha magurudumu, aseme mapema anapoitwa. Huko si kuomba huruma.

Mwombaji asome tangazo lote. Matangazo mengi ya kazi za umma huomba cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, cheti cha KRA, na vibali vya HELB, EACC na CRB. Baadhi hulipiwa, na mara nyingine huhitajika tu baada ya mtu kuteuliwa. Asome ajue, asije akatumia fedha kabla ya wakati.

Na hakuna nafasi ya kazi ya kaunti inayouzwa. Anayesema "leta kitu kidogo niongee na jopo" anauza asichokuwa nacho. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamhesabu kuwa mkosaji anayepokea na anayetoa. Familia nyingi zikisikia mlango unauzwa, huuza ng'ombe na baadaye hazina ng'ombe wala kazi. Fedha hizo ni afadhali ziwe nauli, sabuni na karatasi za kunakili vyeti.

Kwa walio na kazi tayari

Maneno ya mwisho ni kwa wale ambao wamekwisha kuajiriwa na sasa ndio wanaotoa maagizo. Kazi ikibadilika kila siku bila sababu, tatizo si la wafanyakazi. Mkuu anayesema "acha hicho, fanya hiki" aseme pia kile cha kwanza kingoje hadi lini, na nani atawaarifu wananchi waliokuwa wakikingoja. Akifanya hivyo, atakuwa amewasaidia walio chini yake kuuliza, kupima, kuarifu na kurudi.

Na wakazi ambao hawatafuti kazi wana haki katika jambo hili pia. Siku ambayo afisa wa kilimo hakuja, wana haki ya kujua kwa nini na atakuja lini. Siku ambayo dawati la hospitali limehamishwa, wana haki ya kuonyeshwa lilipo. Kijana anayejibu swali hili vizuri leo mbele ya jopo ndiye atakayekaa nyuma ya dawati hilo kesho. Akijifunza sasa kwamba kila mpango unaobadilika una mtu anayeungoja, Kosele itakuwa imepata zaidi ya mtu mmoja aliyepata kazi.